Mwongozo kamili: Jinsi ya kuendesha kikoba mpaka siku ya mgao bila mtu kuingia mitini

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na moja simu zinaanza. "Kikundi kimevurugika, hesabu hazikubali, mweka hazina hapokei simu, tufanyeje?" Ukiwahoji kidogo tu unakuta kosa halikutokea mwezi wa kumi na moja, lilitokea wiki ya kwanza kabisa walipokuwa wanacheka na kunywa soda, wakaona katiba ni ya kuandika baadae.

Kwahiyo naandika yote hapa. Ni kwa vikundi vya watu wa kawaida vya kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka, iwe mnaita kikoba, hisa au kuweka na kukopa. Sio upatu. Kwenye upatu kijumbe anakusanya anampa mmoja na hela haizai, huku hela inakaa pamoja, inakopwa, na ile riba inawarudia wenyewe badala ya kwenda kwa jamaa wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa.

Kabla hujaendelea shika hili: hela ya kikundi inaguswa kwenye kikao tu, watu wote wakiwa wanaangalia. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya hilo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kofuli. Fundi wa kuchomelea yeyote mtaani anatengeneza, mwambie bawaba ziwe ndani, zikiwa nje mtu anazikata kofuli zikiwa salama salimini.
- Kofuli tatu. Jaribu pale pale dukani kama ufunguo wa moja haufungui nyingine. Usicheke, zile za bei rahisi za kampuni moja wakati mwingine zinafunguana.
- Mifuko miwili ya kitambaa, rangi tofauti. Mmoja wa hisa na mikopo, mwingine wa mfuko wa jamii.
- Vitabu vidogo vya wanachama, kila mtu na chake, na kaunta buku moja la katibu.
- Mhuri mdogo wa alama (nyota, ua, chochote kisichopatikana hovyo mtaani kwenu) na pedi ya wino.
- Mabeseni mawili ya kuhesabia hela, kalkuleta ya kawaida, rula, kalamu ya bluu na nyekundu.

Gharama gawaneni sawa siku ya kwanza. Mtu mmoja asijitolee kununua vyote "atalipwa baadae", maana huyo ataanza kuitwa mwenye kikundi, na siku mkigombana ataondoka na sanduku.

## Hatua ya 1: Chagua watu, usikusanye watu

15 mpaka 25 inatosha. Wakiwa wachache sana hela ya kukopa inakuwa kiduchu, wakizidi sana kikao kinamaliza masaa matatu na watu wanaanza kutuma hela kwa mtoto, alafu hapo macho ya watu wote hayapo tena.

Watu wawe wanaishi karibu na wanajuana tabia, sio majina tu. Swali zuri la kujiuliza ni hili: huyu akihama usiku, nani atajua kaenda wapi? Kama hamna anayejua, mwacheni kwanza.

Alafu kipato kisipishane mno. Ukiweka mama wa maandazi na mwenye hardware kwenye kikundi kimoja, mwenye hardware atataka hisa iwe elfu ishirini na mama wa maandazi ataona aibu kusema hawezi, atakopa nje ili anunue hisa ndani. Nimeliona hilo kwa macho.

Onyo: ndugu wa nyumba moja wanaweza kuwa wanachama, ila wasikae wawili kwenye uongozi.

Utajua umefanikiwa kama kila mtu anaweza kumtaja mwenzake anakaa wapi na anafanya kazi gani.

## Hatua ya 2: Katiba, hata ya kurasa tatu

Hapa ndipo watu wanaponakili katiba ya kikundi kingine wanabadilisha jina tu, siku ya ugomvi wanaisoma wanakuta inazungumzia mambo ya kijiji kingine. Kaeni mjadiliane wenyewe. Ya lazima ni haya:

Bei ya hisa moja, na mwisho wa hisa kwa kikao. Kawaida ni hisa 1 mpaka 5. Kwanini kuweka mwisho? Ili mwenye nazo asimeze kikundi. Na bei isibadilike mpaka mgao, mkiibadilisha katikati hesabu ya mwisho wa mwaka itawatoa machozi. Pangeni bei ambayo mwenye kipato cha chini kuliko wote anaweza kununua hisa moja kila wiki hata mwezi wa kwanza wa ada za shule. Nitatumia 2,000 kwenye mifano yangu.

Riba. Usiandike "riba asilimia 5" ukaishia hapo. Asilimia 5 ya nini? Tuseme mtu kakopa 300,000 ya miezi mitatu, anarudisha laki laki. Kama riba ni ya deni lililobaki, atalipa 15,000, alafu 10,000, alafu 5,000, jumla 30,000. Kama ni ya deni la mwanzo atalipa 15,000 mara tatu, yani 45,000. Tofauti ni 15,000 kwa mkopo mmoja tu! Vikundi vingapi vimegawanyika kwa sababu katibu anahesabu hivi na mkopaji anaelewa vile. Andikeni na mfano wake ndani ya katiba, kwa namba. Mimi napenda ya deni lililobaki, inamsukuma mtu alipe mapema.

Faini: kuchelewa, kutokuja bila taarifa, simu kuita kikaoni, kuchelewesha rejesho. Ziwe ndogo lakini zilipwe kweli. Faini ya 10,000 isiyodaiwa inaharibu nidhamu kuliko ya 500 inayolipwa palepale.

Mfuko wa jamii: kila mtu anatoa kiasi sawa kila kikao, unasaidia msiba, kulazwa, nyumba kuungua. Orodhesheni matukio na kiasi cha kila tukio. Mkiandika "matatizo mbalimbali", wiki ya tatu mtu ataleta tatizo la kuishiwa bando.

Na mwisho, mtu akifariki au akihama hisa zake zinakwenda kwa nani. Jina la mrithi liandikwe kwenye kitabu chake. Watu wanakwepa kwa kuona ni uchuro, alafu msiba ukitokea ndugu watano wanakuja kudai hela moja.

Utajua umefanikiwa katiba ikisomwa kwa sauti na kila mmoja akaweka sahihi au dole gumba kila ukurasa.

## Hatua ya 3: Viongozi, funguo na sanduku visikae pamoja

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahesabu fedha wawili. Hao ndio uongozi. Chagueni kwa kura ya siri, hata kwa punje za mahindi kwenye makopo, maana kunyoosha mikono mbele ya mama mwenye nyumba wako sio kura.

Alafu watunza funguo watatu, na hawa WASIWE viongozi. Mtunza sanduku naye asiwe na ufunguo wowote. Watunza funguo wasiwe majirani wa ukuta mmoja wala mtu na mkwe wake.

Kikundi changu cha kwanza kilikufa mwezi wa saba kwa kosa hilohilo. Sanduku lilikaa kwa mweka hazina na funguo mbili akawa nazo yeye, ya tatu mdogo wake, "kwa kuwa wengine wanasafiri safiri". Hakuwa mwizi jamani, alikopa kidogo amalizie ada ya mtoto akijua atarudisha Jumamosi. Jumamosi hakurudisha, iliyofuata akakopa tena. Tulipofungua tukakuta makaratasi aliyoandika madeni yake mwenyewe. Nilimlaumu miaka, siku hizi naona sisi ndio tuliompa mtihani ambao hata mimi ningefeli.

Kama mnaogopa sanduku lenye hela nyingi, zikizidi pelekeni benki kwa akaunti yenye sahihi tatu, au tumieni huduma ya simu ya vikundi kama M-Koba ambako hela haitoki mpaka wenye mamlaka waidhinishe. Ila usiweke hela ya kikundi kwenye laini ya mtu binafsi. Hata ya mchungaji.

## Hatua ya 4: Usajili

Tanzania vikundi hivi vinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria imeviweka daraja la nne, SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) ziko daraja la tatu, na Benki Kuu imekasimu usajili wa daraja la nne kwa halmashauri. Kwahiyo hamhitaji kusafiri kwenda popote, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi chenye sahihi. Atawaambia na fomu zinazotakiwa.

Watu wanauliza faida yake nini. Kwanza ndivyo sheria inavyotaka. Pili mtu akikimbia na deni mna karatasi ya kusimamia. Tatu kuna ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, haina riba, na bila usajili huigusi.

Onyo: usianzishe kikundi kwa ajili ya huo mkopo. Vikundi vya namna hiyo huwa na wanachama watano wasiofahamiana, mkopo ukitoka wanagawana juu kwa juu na kila mtu anashika njia yake, alafu deni linabaki na majina yao.

## Hatua ya 5: Kikao, mpangilio usiobadilika

Kila mwanachama awe na namba na akae kwa mpangilio wa namba kila wiki. Inaonekana ya kitoto ila ndio inayokamata makosa, kila mtu anajua nani kapita na nani bado.

1. Watunza funguo wanakuja mbele, wanafungua. Kabla hela haijahesabiwa mwenyekiti anauliza wote: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Watu watoe jibu kichwani. Alafu wahesabu fedha wanahesabu kwenye beseni kwa sauti. Isipofanana, hakuna kuendelea mpaka ieleweke.
2. Mfuko wa jamii, kila namba inaitwa inatoa. Unahesabiwa, unarudi kwenye mfuko wake. Usichanganye na hela ya hisa hata kama chenji imekosekana.
3. Hisa. Mtu anaitwa namba, anatoa hela, anatangaza "nanunua tatu", wahesabu wanahakiki, katibu anagonga mihuri mitatu kwenye kitabu chake, na nafasi mbili zilizobaki anazipiga mstari mwekundu. Usisahau huo mstari. Nafasi nyeupe ikibaki kuna siku itaota mhuri.
4. Marejesho na faini.
5. Maombi ya mikopo, kama ni wiki ya kukopesha.
6. Kuhesabu tena, mfuko wa jamii peke yake, wa hisa peke yake. Katibu anatangaza mara mbili, watu wanarudia kwa sauti. Vitabu VYOTE vinarudi sandukuni, mtu asiende na kitabu nyumbani. Kofuli tatu, kwaheri.

Utajua umefanikiwa kama kufikia kikao cha tano unaweza kumkamata mwanachama asiyejua kusoma njiani ukamuuliza sandukuni mna kiasi gani na akakujibu bila kusita. Huyo ndiye mkaguzi wenu, kuliko hata kaunta buku.

## Hatua ya 6: Kukopesha

Mwezi wa kwanza wa kikundi msikopeshe kabisa. Hela ni kidogo, na watu bado hawajazoea kikao, mkopo wa kwanza ukienda kombo mapema kikundi kinavunjika moyo.

Baada ya hapo kopesheni kila wiki ya nne. Mtu asizidishe mara tatu ya hisa zake. Aliyenunua hisa 40 za 2,000 ana 80,000, mwisho wake 240,000. Muda miezi mitatu basi. Deni la zamani liishe ndio aombe jipya, hakuna kukopa kulipia mkopo, hiyo ndio sumu yenyewe.

Maombi yasemwe mbele ya wote: kiasi, kazi ya hela, na itarudi kutoka wapi. Wanachama waulize. Mtu akisema "mtaji wa nguo" muulize anauza wapi, siku ya soko ni lini. Sio kumdhalilisha, nyie ndio benki. Na kumbuka anayeomba mpaka mwisho wake, thuluthi mbili ya anachoomba ni hela ya wenzake.

Hela ikiwa haitoshi wote msimpe anayepiga kelele zaidi. Punguzeni wote kidogo, au mtangulize mwenye jambo la msimu. Mbolea ikichelewa wiki mbili haina kazi tena, ila kabati la vyombo linaweza kusubiri.

Mtu akishindwa rejesho? Wiki ya kwanza faini. Ya pili viongozi wawili wanamtembelea nyumbani, kwa adabu, kuna wakati utakuta mgonjwa ndani na hakusema kwa aibu, huyo ongezeni muda na muandike kwenye muhtasari. Mkaidi ndio wadhamini wake, wale waliosimama naye alipokopa, wanaitwa. Msibebe godoro la mtu wala masufuria, mkishafika huko mmekuwa kausha damu nyie wenyewe, na wenye wasiwasi wataacha kununua hisa.

Onyo kubwa: viongozi wasikope wote kwa wakati mmoja. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakiwa wadaiwa, nani atamdai nani?

## Hatua ya 7: Siku ya mgao

Mikopo yote ifungwe mwezi mmoja kabla. Alafu hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, shida ni ule mtego mmoja nitakaousema.

Mfano. Wanachama 20, mwaka mzima zimeuzwa hisa 2,500. Kwa bei ya 2,000 hiyo ni 5,000,000. Riba na faini zimeingiza 1,150,000. Kwahiyo mali ya kikundi ni 6,150,000. Gawa kwa hisa 2,500, kila hisa sasa ni 2,460.

Mama mwenye hisa 180 aliweka 360,000, anaondoka na 442,800. Mwenye hisa 60 aliweka 120,000, anapata 147,600. Faida inakwenda kwa hisa. Wale wanaosema "tugawane faida sawa ili tusinuniane" wanamnyonya aliyejinyima.

Sasa mtego. Kuna mwanachama mwenye hisa 120 bado anadaiwa 200,000. Sandukuni mna taslimu 5,950,000 tu. Vikundi vingi vinagawa hiyo 5,950,000 kwa 2,500 vinapata 2,380, alafu vinamkata mdaiwa 200,000 kwenye fungu lake. Mwisho wa siku inabaki 200,000 sandukuni isiyo na mwenyewe na watu wanaanza kuangaliana. Deni ni mali ya kikundi. Lijumlishe KWANZA: 5,950,000 na 200,000 ni 6,150,000, hisa inarudi 2,460. Mdaiwa fungu lake ni 295,200, toa 200,000, anapewa 95,200 na hela yote inaisha kabisa.

Mfuko wa jamii haugawanywi humu. Uacheni uanze nao mwaka mpya, au muamue vingine kwa katiba.

Fanyeni hesabu kwenye karatasi kubwa ukutani, watu wawili kwa kalkuleta mbili. Na ugawaji uwe asubuhi, hamna anayependa kutembea na laki nne saa mbili usiku. Tarehe msizitangaze mtaani.

Palepale kabla watu hawajaondoka, anayeendelea anunue hisa ya kwanza ya mzunguko mpya. Mkisema "tutaonana Januari" nusu hawarudi.

## Hatua ya 8: Kutoka mfukoni kwenda mtaani

Hii isifanyike mwaka wa kwanza. Kikundi kilichomaliza mgao mmoja salama ndio kina haki ya kuota makubwa.

Rahisi ya kuanzia ni manunuzi ya pamoja. Watu 20 wakinunua mbolea au mchele kwa pamoja wanapata bei ya jumla na usafiri unagawanyika, na hamhitaji mtaji mpya, ni oda moja tu.

Mkiwa na malengo ya kuuza mazao pamoja au kukopeshana mamilioni, kikoba hakitoshi, hapo ni chama cha ushirika chini ya Sheria Na. 6 ya 2013, kinachosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. SACCOS inahitaji watu wasiopungua 20, na kuna ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka. Afisa ushirika wa wilaya ndiye wa kumuona. Msikimbilie, vikoba viwili vitatu vilivyojuana vikiungana ni mwanzo bora kuliko kimoja kilichojazwa wageni.

Katikati ya hapo kuna miradi ya mtaa, na ninayoipenda ni viti na turubai. Kila mtaa una misiba, na kila msiba watu wanahangaika viti. Tengeni sehemu ya mgao kwa makubaliano ya wote, nunueni viti, kwa mwanachama mwenye msiba bure, kwa mwingine wa mtaani nusu bei, kwa sherehe bei kamili. Hela inayoingia ipigwe kwenye daftari lake, mfuko wake wa tatu, isiguse hisa.

Andikeni jina la kikundi kwa rangi chini ya kila kiti. Teueni mmoja wa kutoa na mwingine wa kupokea, wasiwe mtu yule yule, na vikirudi vihesabiwe kabla toyo iliyovibeba haijaondoka.